Ndama Aliyevaa Joho

Asubuhi ya kikao cha baraza, diwani Xavery alimkuta ndama kalala jikoni, kavaa joho la diwani. Ndama alizaliwa usiku, baridi kali, na Marieta, mke wa Xavery, akachukua kitambaa kizito kuliko vyote mle ndani. Xavery akafoka. Marieta akamuuliza kama hilo joho limewahi kutoa maziwa.

Kulifua, lisingekauka. Akalisokomeza kwenye kiroba, akapanda bodaboda, na njia nzima dereva aliendesha kichwa pembeni.

Xavery alikuwa na hoja moja tu: lambo la mifugo. Ikipita leo, linachimbwa kwenye kata yake. Isipopita, inafuata hoja ya Emanuel, diwani wa kata jirani, naye analitaka lambo hilohilo. Kiroba akakiacha nje, akaingia ukumbini na koti, akasimama.

Emanuel akaomba mwongozo. Kanuni zinasema diwani asiye na joho haongei. Mwenyekiti, mama Hilda, mtu asiyecheka hata harusini, akamwambia Xavery avae, la sivyo akae na hoja ifutwe.

"Nisamehe, Mheshimiwa Mwenyekiti," Xavery akasema. "Naenda kuvaa."

Madirisha yalikuwa yamefungwa sababu ya upepo. Aliporudi, harufu ilitangulia. Joho limekauka kifuani, mgongoni bado lina ute. Diwani wa mbele akatazama dari, akidhani panya kafia huko. Emanuel akataka Xavery atolewe. Mama Hilda akapekua kitabu cha kanuni, pua kaifunika na mtandio. Kuhusu harufu, hakuna kitu.

Basi Emanuel akataka kutoka yeye. Akaambiwa akitoka idadi ya wajumbe haitimii, kikao kinavunjika, posho hakuna. Wenzake wakamvuta joho, wakamkalisha.

Hapo Xavery akaelewa kabeba silaha mgongoni. Akaanza polepole. Akaeleza ng'ombe wa kata yake wanavyotembea kutafuta maji. Akawataja ng'ombe mmoja mmoja, kwa rangi.

"Mheshimiwa, unamaliza lini?" mama Hilda akauliza.

"Kanuni zinanipa muda, mama. Ndo kwanza nimefika kwa yule mwekundu."

Ukumbi mzima ukasema ndiyo kabla ya kuulizwa. Emanuel naye, tena kwa sauti. Lambo likapita.

Nje, Xavery akiwa analirudisha joho kwenye kiroba, Emanuel akamfuata, akasimama mbali kidogo. Kikao kijacho alikuwa na hoja yake ya zahanati.

"Kaka," akasema, "pale kwako hakuna ng'ombe mwingine mwenye mimba?"