Volti Ishirini na Nne

"Mshale umesimama wapi, shemeji?"

Zedekiah aliuliza akiwa barazani, mlango ameupa mgongo. Ndani, nyuma ya pazia, Muhiba alikiinamia kisanduku cheusi ambacho nyaya zake mbili alikuwa amezichomeka kwenye soketi, kama alivyoelekezwa.

"Kwenye mia mbili na arubaini."

"Hapo hapo. Usiondoe macho."

Mpita njia angecheka, lakini wangefanyaje? Muhiba alikuwa edani, na Zedekiah si nduguye wala mwanawe. Alikuwa rafiki wa marehemu, fundi mwenzake wa karakana ya reli, Mjaluo wa watu mwenye heshima zake. Hata hapa Shauri Moyo, ambako ukuta ni wa wawili na siri ni ya wote, eda ni eda. Basi mita ya volti ikapitishwa chini ya pazia kwa mwanamke, na ile ya ampea ikabaki na mwanamume kwenye swichi kubwa barazani.

Aliyemwita fundi ni Phelister, jirani wa ukuta mmoja. Jiko lake la koili lilikuwa limelegea, maji yanachemka kwa kubembelezwa. Umeme wake ulipitia dari ya Muhiba, ndiyo maana ikabidi kupima upande huu.

Muhiba hakutaka kupimiwa kitu. Alikuwa na jambo lake ambalo hakumwambia hata mama yake mzazi. Tangu homa imchukue mumewe Idarusi, kila magharibi, saa ile ile aliyokuwa akirudi kutoka kazini, taa ya chumbani ilinywea. Haizimiki; inanywea tu, inageuka rangi ya chai, kama mtu amepita mbele yake. Ikifuata harufu ya mpira wa moto, harufu ya nguo zake za karakana. Mara ya kwanza nywele zilimsimama. Mara ya pili aliitikia, "Waalaikumu salaam." Siku hizi alikuwa akimngoja. Wanja hakujitia, maana eda haina mapambo, lakini nywele alizichana.

"Phelister, washa!" fundi aliita.

Taa ikanywea.

Alasiri hii, jua bado linachoma mabati! Idarusi hakuwahi kurudi alasiri maishani mwake. Mshale nao uliteremka taratibu, ukatua mia mbili na kumi na sita.

"Shemeji?"

"Haujasogea," alisema. "Uko pale pale."

Waache watu na mita zao! Kwani nani amewaomba?

Barazani Zedekiah aliguna. "Huku nina ampea nane. Mia mbili arubaini, gawanya kwa nane, omu thelathini. Basi waya mzima, volti hazipotei njiani. Mbishi ni koili, ukinzani wake ni mwingi. Nitaikata ibaki omu ishirini, ivute ampea kumi na mbili. Utaona moto wake, Phelister."

"Kata, baba, kata!" sauti ya Phelister ilipenya ukutani. "Nyumba mbili kwa koili moja si mchezo. Magharibi ikifika sijui nianze na ugali wa hawa watoto au wali wa dada Muhiba. Na sufuria yake nimeitenga kabisa, isije ikagusa vya kwetu. Sasa aliyefiwa utamwacha apike na machozi?"

Muhiba akaganda. Ile sahani ya kila jioni, iliyofunikwa vizuri, ambayo aliila nusu kwa kuwa ameshiba salamu! Kumbe aliyekuwa akiitikiwa ni sufuria. Kwa muda wa pumzi moja alimchukia Phelister, alimchukia kweli kweli, kwa wema wake na kwa wali wake.

Halafu harufu ya mpira ikamfikia puani, na safari hii aliisikia ikishuka kutoka darini. Upande wa pili mtoto mmoja alicheka, chini ya dari ile ile.

"Shemeji, usikate! Nimekudanganya. Mshale uko mia mbili na kumi na sita. Ulishuka pale pale alipowasha."

Zedekiah akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini. "Ishirini na nne zimepotelea njiani. Gawanya kwa nane, omu tatu, zote za waya. Ishirini na nne mara nane..." Akahesabu tena kwa vidole. "Wati mia na tisini na mbili. Mungu wangu. Shemeji, ni sawa na taa mbili kubwa zimefukiwa darini kwako, zinawaka juu ya mbao kavu. Na mimi ndio kwanza nilitaka kuongeza! Phelister, zima! Zima sasa hivi!"

Swichi kubwa ikaangushwa. Ngazi ikaegemezwa ukutani, bati likafunuliwa, na Muhiba akasikia mikwaruzo juu ya kitanda chake.

"Kumbe ni mkono wake," Zedekiah alisema kutoka juu, taratibu. "Idarusi. Ni waya mwembamba wa kengele huu, nao ndio unaolisha chumba chako na cha jirani. Alimvutia taa moja, na kwa taa moja ulitosha."

"Sikujua, jamani," Phelister alisema uani, karibu kulia.

Zedekiah alipoteremka, Muhiba alikuwa amesimama karibu kabisa na pazia. "Utaurudisha ule ule?"

"Hapana, shemeji. Kesho naleta mnene, upite nje."

"Kwa hiyo taa yangu haitanywea tena."

"Haitanywea," alisema, akidhani amempa habari njema.

"Basi nipe huo."

Mkono ukapita chini ya pazia, ukaacha kipande cha waya sakafuni, ukarudi. Siku ile ya kuuvuta, Idarusi hakuwa na utepe wa kufungia nyaya. Kiungo alikifunga kwa pindo la leso ya mkewe, na sasa pindo lilikuwa jeusi kwa kuungua. Muhiba aliuokota. Ulikuwa bado una joto, joto la kiganja cha mtu aliyekuachia mkono sasa hivi. Akaufumbata, akaketi kitandani, na adhana ya magharibi ilipoanza alikuwa bado hajaufumbua mkono.