Baba Mdogo Kutoka Ukunguni

Kule Panmunjom, kwenye mazungumzo ya kusimamisha vita, wakubwa wa kaskazini na wa kwetu kusini walikuwa wakigombania mstari wa ramani mwaka wa pili sasa, na sisi tulikufa kwa ajili ya kilima kisichoota hata mchicha. Asubuhi ile, mara tu baada ya kuzima shambulio la adui, mtu akatokea ukunguni, akasimama kwenye seng'enge yetu. Alivaa sare yetu, ila neno la siri hakulijua.

"Piga huyo, Sajini," akaniambia Koplo Tak. "Sare huvuliwa maiti."

"Msipige! Natoka kilima cha pili, wenzangu wamekwisha. Naitwa Gi."

"Gi wa wapi?" nikauliza, maana hata mimi ni wa ukoo wa Gi.

"Wa Haengju."

Ndiko kwetu. Nikamtaka jina kamili. Katika ukoo wetu kila kizazi kina neno lake ndani ya jina, na mtu baki halibahatishi. Akalitaja. Neno lake lilikuwa la kizazi cha baba yangu. Nikamtajia langu.

"Kumbe mimi ni baba yako mdogo, na bado unaninyooshea bunduki? Nani kakulea wewe?"

Kijana mwenyewe hata ndevu hana! Tak akacheka. "Shikamoo, baba mdogo! Sajini, hata kwa adui kaskazini wamo akina Gi."

Hilo liliniuma kwa sababu ni kweli. Hata hivyo nikamfungulia. Tak akaingia handakini nyuma yetu, bunduki mkononi, macho hayambanduki mgeni.

Nikampa pombe ya mchele kwa mikono miwili. Akanywa, akanijazia kikombe. Mbele ya mkubwa hunywi ukimtazama, kwa hiyo nikageuza uso.

"Toa mkono kotini!" Tak akafoka, na papo hapo bunduki ikalia.

Nilipogeuka, baba mdogo alikuwa chali. Mkononi alishika kipande cha ngisi mkavu, kile ambacho mkubwa humpa mdogo wake atafune baada ya kunywa.

"Nilidhani ni bomu," Tak akasema. "Na bado hatujui ni wa upande gani."

"Ni wa kwetu," nikamjibu, nikitamani kumfyatulia yeye.

Nikamwinamia marehemu mara mbili, ndiyo desturi yetu. Aliye hai huinamiwa mara moja tu, na hiyo moja nilikuwa sijampa.