Balozi, Mtunza Nyaraka

Na ijulikane kwa wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba msafara ule ulipovuka mpaka na kuingia nchi ya watu, nyaraka zake zote zilikuwa chini ya ulinzi wa Mtunza Nyaraka Mkuu, kijana mwenye kifua mbele na shingo ndefu, aliyeteuliwa rasmi mbele ya familia nzima. Msafara wenyewe ulikuwa wa watu wawili. Mtu wa pili alikuwa dada yake, na uteuzi ulifanyika pale dada alipopaza sauti kutoka chumbani, "Shika hivi vitu wewe, begi langu limejaa."

Kijana aliitwa Balozi. Jina alilipata shule ya bweni, ambako hakuna mwanafunzi aliyewakilisha bweni lake ofisini kwa mwalimu mkuu mara nyingi kama yeye, ingawa hakuwahi kwenda huko kwa hiari. Aliwahi kugonga kengele ya chakula mapema mno, shule nzima ikapanga foleni, sahani mkononi, mbele ya jiko lisilo na moto. Nyumbani walimpenda sana, lakini hakuna aliyethubutu kumwachia hata ufunguo wa mlango.

Ndiyo maana cheo kile kilimwingia kwenye damu. Dada yake alikuwa muuguzi. Alikuwa amedunduliza tangu mshahara wake wa kwanza ili azunguke nchi za jirani na begi mgongoni, na baba alikubali Balozi afuatane naye kwa sharti moja. Wiki ya kwanza ikiisha, dada angepiga simu nyumbani na kusema kama kijana anafaa kuendelea na safari au apandishwe basi la kurudi. Wiki ilikuwa inaisha leo jioni.

Mpaka hapo mambo yalikuwa yamenyooka. Dada alisafiri kama anavyofanya kazi wodini. Pesa hakuziweka mahali pamoja: nyingine zilikaa kwenye mfuko alioushona ndani ya blauzi, nyingine chini ya soli ya kiatu, kadi ya benki ilijificha kati ya bandeji, na mkononi alibeba pochi kuukuu yenye chenji, maalumu kwa ajili ya mwizi, ili asiondoke mikono mitupu akakasirika. Maji waliyokunywa yalikuwa yamechemshwa au yametoka kwenye chupa iliyofunguliwa mbele ya macho yao. Dawa zilikaa kwenye pakiti zake zenye majina, zisije zikaulizwa maswali mpakani.

Pasipoti na kadi za chanjo ya homa ya manjano ndizo zilikuwa za Balozi. Alizivaa kiunoni, kwenye mkanda mwembamba wenye zipu, chini ya shati. Akienda kuoga alizitia kwenye mfuko wa nailoni na kuzining'iniza shingoni, akaoga nazo kama mtoto wa kifalme na hirizi yake. Kwenye basi alilala ameushikilia mkanda kwa mikono yote miwili hadi mama mmoja wa kiti cha jirani akamuuliza kama tumbo linamwendesha. Na juzi asubuhi dada alimtazama akihakiki zipu kwa mara ya tatu, akasema, kama mtu anayeongea na dirisha, "Naona umekua." Siku ile Balozi alitembea mji mzima kama mtu anayekagua gwaride.

Sasa walikuwa kituo cha mabasi, mabegi mgongoni, tiketi mkononi, basi la kuelekea mpaka wa pili likiunguruma mbele yao. Dada akamwambia atoe pasipoti, kwa kuwa konda wa basi lile alikuwa anazikagua kabla mtu hajapanda. Balozi akaingiza mkono chini ya shati kwa madaha yote ya mwenye mamlaka.

Mkanda ulikuwepo. Ndani yake hakukuwa na kitu.

Papo hapo akakumbuka. Hosteli walikolala usiku uliopita ilikuwa na vitanda vya ghorofa, shuka za mistari, harufu ya sabuni ya sakafu iliyochanganyika na soksi. Lilikuwa bweni la shule kabisa. Alipojilaza tu, mikono yake ilikumbuka shule kabla kichwa hakijaulizwa. Vidole vilitafuta mshono wa godoro kwa chini, pale uzi unapolegea, vikaupanua kidogo, vikasukuma pasipoti zote mbili na kadi za chanjo ndani kabisa ya sponji, vikalainisha kitambaa. Kwa mbinu hiyo, miaka minne patroni wa bweni aliisaka simu yake na hakuwahi kuiona. Asubuhi dada alipomwamsha, Balozi aliruka, akatandika kitanda kama wa siku ya ukaguzi, akaondoka zake huku akipiga mluzi.

Angeweza kusema hapo hapo. Hosteli haikuwa mbali. Lakini aliiona jioni inavyokuja: simu, sauti ya baba, basi la kurudi, na binamu zake wote wakimsubiri mlangoni na kicheko walichokiweka akiba. Mtunza nyaraka aliyesahau nyaraka. Basi akafanya jambo pekee lililobaki kichwani. Alijikunja katikati, akashika ubavu, akasema kwa sauti ya mtu anayeaga dunia, "Dada, tumbo."

Mpango ulikuwa mzuri kwa jinsi ulivyokuwa. Wangerudi hosteli akapumzike, angetumbukiza mkono kwenye godoro, angepona ghafla. Shuleni mbinu hii haikuwahi kumwangusha. Kasoro ilikuwa moja tu: shuleni alimwigizia matroni aliyekuwa na kidonge kimoja kwa magonjwa yote, na hapa alikuwa anamwigizia muuguzi.

Dada alivua begi lake, akavua na la Balozi. Akamshika kifundo cha mkono na kutazama saa. Akamvuta kope la chini, akamwambia atoe ulimi, akamuuliza alikula nini, lini, kilikuwa cha moto au kimepoa, anahara, anatapika, maumivu yanachoma au yananyonga. Balozi alijibu ndiyo kwa machache na hapana kwa mengine, kwa kubahatisha, kama alivyojibu mtihani wa kemia. Alipopendekeza kwa unyenyekevu kwamba pengine kitanda cha hosteli kingemfaa, dada alikataa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na zahanati. "Hatuchezi na tumbo ugenini," alisema, na tayari alikuwa anavuka naye, mabegi yote mawili mgongoni na kifuani mwake.

Zahanati ilikuwa na benchi moja refu, feni isiyozunguka na karani mwenye kalamu tatu mfukoni. Karani akaomba pasipoti ya mgonjwa. Hapo ndipo Balozi alipougua kweli, kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akakumbuka kuwa ndani ya kila begi, chini kabisa, alikuwa ametia bahasha yenye nakala. Akaichomoa ya kwake na kuiweka mezani: nakala ya pasipoti, nakala ya kadi ya chanjo, na nyuma yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, namba ya bima ya safari. Karani alizisoma na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema wageni wengi huja pale hata namba ya simu ya kwao hawaikumbuki.

"Ni mdogo wangu huyu ndiye anayetunza," dada akamwambia, na ilisikika wazi kuwa anajivunia.

Balozi aliyekuwa amengoja sentensi hiyo maisha yake yote aliisikia, na ikamchoma kama sindano.

Daktari alikuwa mwanamke mtaratibu, mwenye mikono ya baridi. Alimlaza, akamwambia aseme panapouma. Balozi, akitaka kazi ionekane imefanywa vizuri, aliguna upande wa kulia, akaguna upande wa kushoto, na mara moja aliguna vidole vikiwa bado hewani. Dada alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, amekunja mikono, akitazama vidole vya daktari. Wakamtoboa kidole kupima malaria, na akavumilia kishujaa maumivu ambayo hayakuwa na sababu yoyote. Majibu yalikuwa safi. Daktari akaagiza apumzike na anywe kwa wingi maji yenye ile dawa ya unga ya mtu aliyepungukiwa maji mwilini.

Bima ingerudisha gharama baadaye, karani alieleza, lakini leo walipe taslimu. Dada akakaa kwenye benchi, akavua kiatu cha kushoto, akainua soli na kuchomoa noti iliyokunjwa hadi kuwa kama kijiti. Akainyoosha pajani mwake kwa kiganja, polepole, mkunjo baada ya mkunjo. Ile ilikuwa noti ya siku mbaya. Aliwahi kumwambia Balozi kwamba anaomba warudi nyumbani bila kuigusa. Balozi akaanza kuichunguza ile feni kwa makini sana.

Walipotoka, basi lilikuwa limeondoka. Dada alibadilisha tiketi ziwe za kesho na wakarudi hosteli. Hakulalamika hata kidogo, jambo ambalo Balozi aliliona si la kibinadamu.

Chumba kilikuwa kile kile, lakini kitanda chake, kile cha chini karibu na dirisha, kilikuwa na mtu. Msafiri mmoja mnene, ndevu hadi kifuani, alikuwa amelala chali na viatu vyake, akikoroma kama jenereta la harusi. Godoro lilikuwa limebonyea chini yake mpaka chaga zinalia. Dada alimwonyesha Balozi kitanda kingine, akamwambia ajilaze, akaenda jikoni kuchemsha maji ya dawa.

Hatua zake zilipopotea koridoni, Balozi akashuka sakafuni na kutambaa kwa tumbo lake gonjwa hadi chini ya kitanda cha yule bwana. Akapitisha mkono kati ya chaga, akaupata mshono, akazamisha vidole, kiganja, hadi kiwiko. Sponji iliyolaliwa ilikuwa ngumu kama unga uliokandwa. Yule bwana akakohoa, akageuka, na kwa kitambo mkono wa Balozi ukawa mali ya hosteli. Halafu akagusa kona ya jalada. Akavuta. Ikatoka ya kwanza, ikatoka ya pili, zikafuata kadi za manjano, zote zina joto lakini kavu, hazina hata mkunjo. Alizikumbatia pale chini kwenye vumbi, na moyo ukamjaa fahari. Alikuwa amezirudisha.

Kisha akaona viatu viwili vya kike vimesimama kando ya kitanda. Mwenye navyo hakuzaliwa jana.

"Ukimaliza huko chini," viatu vikasema, "dawa yako iko tayari."

Balozi alikuwa na uongo tayari, tena mzuri: kwamba kidonge kilimponyoka na kubingirika. Alishafungua mdomo. Lakini macho yake yalikuwa usawa wa kile kiatu cha kushoto, soli yake imekaa upande kwa sababu hakuna tena kitu chini yake, na ule uongo ukakataa kutoka. Akatoka yeye, utando wa buibui kichwani, pasipoti mkononi.

"Siumwi, dada. Nilizisahau humu ndani."

"Kwamba huumwi nilijua pale zahanati. Uliguna daktari hajakugusa. Nilichokuwa sijui ni unaficha nini."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

Balozi akafungua mkanda kiunoni na kumkabidhi, pamoja na nyaraka zote, kama anayejiuzulu. Dada alizipokea, lakini mkono wa pili ulikuwa tayari na simu, na simu ilikuwa inaita. Akamwekea sikioni. Aeleze mwenyewe, alisema, bila chumvi. Akiongeza uongo hata mmoja, kesho ni basi la kurudi. Akisema yote, wanavuka wote.

Yule bwana mwenye ndevu alikuwa ameamka na kuketi, akisikiliza kama mtu aliyelipa kiingilio.

Baba akaitika. Akauliza kwa bashasha, je, dada yako anasemaje, unafaa? Balozi akasimama wima, simu sikioni, mkono mwingine ubavuni, kama walivyofundishwa kusimama mbele ya mwalimu mkuu. Safari hii, kwa mara ya kwanza, aliwakilisha kwa hiari.

"Baba, asubuhi nilisahau pasipoti zetu ndani ya godoro la watu. Halafu nikajifanya mgonjwa ili nisigundulike. Dada ametumia akiba yake kunitibu ugonjwa ambao sikuwa nao."

Dada, bila kumtazama usoni, alikuwa amepitisha mkanda kiunoni mwa Balozi na anafunga zipu, nyaraka zikiwa ndani.

"Na nilimwacha anibebee begi," Balozi akaongeza, kwa kuwa hilo hakuna ambaye angemuuliza, "wakati ningeweza kulibeba."