Mwanya wa Hosiana

Maduhu alipoona damu kwenye kipande cha muhogo alichokuwa akila binti yake, kitu cha kwanza alichokitazama ni mikono yake mwenyewe.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akichenjua dhahabu kwenye mwalo mmoja wa kuoshea mchanga wa dhahabu nje ya Kahama, akiikamata kwa zebaki kisha kuichoma kwenye kikaango. Wataalamu waliwahi kuja wakawaonya kwamba zebaki hulegeza meno, tena hurudi nyumbani na nguo za kazi. Aliwacheka. Sasa Hosiana, binti wa miaka kumi na mitano, meno yake mawili ya mbele ya juu yalikuwa yakichezacheza, na kila wiki yalizidi kuwa marefu.

"Ulianguka?"

"Hapana, baba."

Kilichomchanganya zaidi ni mwanya. Hosiana aliurithi kwa bibi yake mzaa baba, na ukoo mzima uliusifia. Sasa ulikuwa umezibika kabisa. Meno yanayolegea yangeachana. Haya yalikuwa yamebanana kama yanaogopa kitu.

Mkewe, Vumilia, alisema ni soda na peremende. Jirani alisema ni mkono wa mtu. Maduhu alizichoma nguo zake za kazi nyuma ya nyumba, kikaango akakitupa chooni. Akakaa siku tisa bila kwenda mwaloni, simu zinaita, hapokei. Hosiana alipomwekea mkono begani kumuuliza kama anaumwa, alishtuka.

"Usinishike!"

Binti akaenda chumbani kulia, asijue amekosa nini. Na Maduhu hakujua aanzie wapi kumweleza.

Siku ya kumi wakaenda hospitali, wote watatu. Daktari wa meno alikuwa mama wa makamo aitwaye Philomena. Kabla hajauliza kitu, Maduhu alianza.

"Daktari, ni mimi. Nimemlisha mwanangu sumu ya zebaki."

Daktari Philomena alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampeleka Hosiana kupigwa picha. Aliporudi nayo aliishika kwenye mwanga.

"Mfupa umelika kuzunguka meno mawili tu, baba. Zebaki isingechagua mawili." Akamgeukia binti. "Uliwahi kufunga kitu hapa?"

Hosiana alimtazama mama yake, kisha sakafu.

"Rababendi. Ile ndogo ya kusukia nywele. Niliona kwenye simu dada mmoja akiziba mwanya wake kwa wiki mbili."

"Uliitoa?"

"Ilipotea. Niliamka asubuhi haipo, nikajua imekatika nimeimeza."

"Haikukatika," alisema daktari. "Jino huwa jembamba kuelekea kwenye mzizi. Mpira umepanda taratibu, ukaingia ndani ya ufizi, na huko umekuwa ukikaza."

Alimchoma sindano ya ganzi, akaufungua ufizi, akatoa kwa kibanio kijiduara cheusi kisichofika hata ukubwa wa punje ya mahindi. Jino la kushoto halikuwa na pa kushika tena, likang'olewa. La kulia alilifunga kwa waya kwenye meno jirani, akasema hawezi kuahidi.

Nje, kwenye benchi, Maduhu alitaka kucheka, halafu akataka kugomba, halafu akaona aibu kwamba amefurahi huku mtoto ameshika pamba mdomoni.

"Mayu," alisema, akimwita binti yake 'mama' kwa Kisukuma, "mwanya ule ulikuwa uzuri."

"Kwenu, baba," Hosiana alisema kwa shida. "Shuleni wananiita Geti."

"Mbona hukusema, uliponiona nachoma nguo?"

"Nilidhani umenichukia. Rababendi niliisahau, ilikuwa zamani, mwezi wa pili."

Vumilia alikuwa dirishani akisubiri dawa. Simu ya Maduhu ikaita tena. Walikuwa watu wa mwaloni. Aliiangalia ikiita mpaka ikanyamaza. Hakuwa na kosa, daktari alikuwa amesema. Lakini kwa siku tisa alikuwa ameamini kwamba analo, na haikumwia vigumu hata kidogo kuamini.

Akainuka, akarudi kubisha hodi kwa daktari.

"Samahani, mama. Hiyo zebaki hupimwaje mwilini?"

"Nani anaumwa?"

"Sijui," alisema Maduhu. "Hilo ndilo nisilolijua."

Daktari Philomena alivua glavu, akamvutia kiti.