Kitufe cha Mama Wema

Veneranda alitakiwa kubonyeza kitufe kimoja tu kabla ya saa kumi alasiri. Ujumbe ulisema hivyo: amepata kichanja cha kuanikia dagaa hapohapo ufukweni Kibirizi, aingie kwenye tovuti athibitishe, asipothibitisha, kichanja anapewa mwingine.

Kwa miaka kumi na moja alikuwa akianika chini. Dagaa wa chini wakinyeshewa hubeba mchanga, na dagaa wa mchanga hununuliwa na watu wa chakula cha kuku. Veneranda alikuwa amelisha kuku wengi wa nchi hii bila kupenda.

Saa sita akaingia kwenye tovuti kwa simu. Ikamwonyesha jina lake, picha yake ya kitambulisho amenuna, na picha ya ziwa, lilelile lililokuwa hatua hamsini nyuma ya mgongo wake. Kitufe hakikuwepo. Akapandisha, akashusha. Akaizima simu akaiwasha, dawa inayotolewa kwa kila ugonjwa.

"Hiyo ni tovuti ya simu, Mama Wema," alisema Gasper, katibu wa kikundi cha waanika dagaa. "Ya simu huwa wanaipunguza. Kitufe kitakuwa kwenye ile ya kompyuta."

"Wamepunguza wapi? Mbona ziwa wameliacha lote?"

Laptopu ya kikundi ilikaa kwenye begi, begi kwenye mfuko, mfuko kwenye kabati lenye kufuli, ofisini kwa Gasper. Haikuwa imefunguliwa tangu uchaguzi, ambao Gasper alishinda kwa sababu ndiye aliyekuwa na kabati. Akaiwasha kwa heshima. Kioo kikawa bluu: asilimia nne, usizime.

"Inafanya nini?"

"Inaapdeti."

"Nani kaituma?"

"Inajituma yenyewe."

"Basi ndiyo kitu cha kwanza humu ofisini kinachojituma," alisema Veneranda, akavuta kiti.

Saa saba na nusu, kwenye asilimia kumi na tisa, umeme ukakatika. Betri ya laptopu ilikuwa na dakika ishirini za uhai. Bahati ni kwamba ilikuwa wiki ya mbalamwezi, ambayo dagaa hawafuati taa. Mitumbwi ilikuwa imepumzika na taa zake pia. Egide, mwenye mtumbwi, akaja na betri ya taa begani na inveta kwapani.

"Betri hii inaita dagaa kutoka kule chini kizani, wanapanda wenyewe," alisema akiunganisha nyaya. "Hizo asilimia zitapanda tu."

Zikapanda hadi thelathini na nne, zikakaa. Wakazitazama watu watatu kwa nusu saa.

"Tuigonge kidogo?" aliuliza Egide.

"Igonge, halafu ukajieleze kwenye mkutano," alisema Gasper.

Saa kumi kasoro dakika ishirini na tano ikamaliza. Ikawakaribisha. Ikauliza wangependa lugha gani, na kama wangependa kujua mambo mapya iliyojifunza. Gasper akaikatalia yote. Tovuti ikafunguka, pana, ziwa ukingo hadi ukingo, na chini yake maneno: *Huduma hii sasa inapatikana kwenye simu pekee.*

Egide akaanza kuchomoa nyaya zake.

Veneranda akatoka. Mawingu yalikuwa yanavuka kutoka upande wa Kongo, na dagaa wake wa usiku wa mwisho kabla ya mbalamwezi walikuwa hawajakauka vizuri. Akaiweka simu pembeni ya safu ya mwisho, ikiwa wazi pale pale kwenye picha yake amenuna, akainama kugeuza. Alikwenda safu kwa safu, mkono wa haraka, akili iko kwingine. Alipofika mwisho mkono ukageuza na simu.

Akaiokota kuipuliza mchanga, kaishika kwa ubavu. Ukurasa nao ulikuwa umelala ubavu, umetanuka. Kwenye ukingo wa kulia kulikuwa na kitufe cha kijani: *Thibitisha*.

Saa kumi kasoro dakika sita. Akabonyeza. Kimya. Akatazama kidole: kimejaa magamba. Akakifuta kwenye kitenge, akabonyeza tena. Ukurasa ukafikiri, ukazunguka, ukafikiri. *Hongera. Kichanja namba 17. Utakabidhiwa Jumatatu.*

Gasper alikuja mbio, laptopu kaikumbatia kama mtoto mwenye homa.

"Mama Wema, inasema kuna apdeti nyingine ndogo, labda baada ya hiyo..."

"Irudishe kabatini kabla haijajituma tena."

Akamwonyesha simu. Gasper akasoma, akaigeuza wima, kitufe kikapotea, akailaza, kikarudi. Alirudia mara tatu.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Tone la kwanza liliposhuka safu mbili zilikuwa bado hazijakusanywa, na kuku wa nchi hii walikuwa na siku nne zaidi za kumfaidi.