Ukipona, Uje

Siku ya kumi na tisa tangu aungue, kidole cha mwisho kilikubali kujikunja. Mama Pasi alikuwa ameketi kitandani, mkono wa kulia juu ya taulo, na wifi yake akiumwagia maji ya chumvi kwa kikombe kilichokatika mkono. Nafuu ilikuwa ikija kama mgeni mwenye haya. Kidole gumba kwanza, kisha cha shahada, kisha wiki nzima kimya, kisha ngozi mpya, laini kama ya mtoto mchanga.

"Mungu mkubwa," wifi alisema. "Kesho vyombo unaosha mwenyewe."

"Mkono ndio uliopona, wifi. Mimi bado."

Ilikuwa kweli. Sufuria ikifoka mvuke, alikaa chini palepale alipokuwa. Miaka kumi na moja alikuwa amenyoosha shuka za hoteli kwenye kiwanda cha dobi, na mashine ya pasi haikuwahi kumgusa mpaka wakubwa walipoling'oa bati la kinga kwa kuwa lilikuwa linachelewesha kazi.

Wiki ya kwanza ya ugonjwa msimamizi alikuja kumpa pole na mche wa sabuni. Hakukaa. Akiwa mlangoni alisema, "Mkono ukipona, uje kazini."

Alimaanisha Mama Pasi. Lakini lugha yetu ndivyo ilivyo, "uje" ni ya mtu na ni ya mkono pia. Mkono ulikuwa umelala juu ya mto ukisikiliza, ukajua ndio ulioitwa.

Siku ya ishirini, kulipokwisha kupambazuka, mkono ulijifungua kwenye kifundo bila damu, kama kifungo cha shati. Ukashuka kitandani kwa vidole, ukaenda mlangoni. Komeo lilikuwa juu. Ukagonga. Wifi akaacha jiko, akaufungulia.

"Umekwenda kazini," alisema akirudi.

"Bila chai?"

"Utainywea wapi?"

Jioni ulirudi unanuka wanga na mvuke, ukapanda pajani kwa Mama Pasi, ukajifunga mahali pake. Uchovu wa siku nzima ukamwingia yeye. Ikawa hivyo kila siku. Fundi viatu wa jirani alisema anapishana nao barabarani na kwamba una adabu, unasalimia. Asubuhi, wakati wa sala, Mama Pasi aliinua mkono mmoja, akamwomba Mungu auhesabu kuwa miwili.

Hakuona vibaya mkono kufanya kazi. Alichoogopa ni ile mashine. Siku ya Ijumaa akaufuata, polepole, akipumzika njiani mara tatu. Alipofika, mkono ulikuwa umekwisha kunyoosha rundo zima na unatandaza shuka nyingine, mbele ya mdomo wa mashine ulio wazi. Bati la kinga aliliona pia. Lilikuwa limeegemezwa kwenye mlango wa ofisi ili usijifunge, upepo upite.

"Ah, mama! Pole sana," msimamizi alisema. "Unaendeleaje?"

"Naomba lile bati lirudi pale, mwanangu."

"Litarudi, polepole. Kwani wewe si unapona polepole?" Akamtazama usoni. "Tena hujapona. Nani kakuita? Nenda kapumzike. Mkono wako hauna neno."

"Hauna neno kwa sababu hauna mdomo."

Msimamizi alicheka sana, maana alipenda utani, akaliruka bati akaingia ofisini.

Mama Pasi akausogelea mkono wake, akaushika kwa ule wa kushoto. "Twende nyumbani," akauambia. Mkono ukampa mkono, ukamtikisa kwa heshima kama watu wanavyoagana, kisha ukarudi kwenye shuka.

Jumanne ulichelewa. Uliporudi, kidole cha pete na kile kidogo vilikuwa vimebabuka. Wifi akachemsha maji ya chumvi bila kuuliza.

"Ugua pole," Mama Pasi aliuambia, akaufunga kitambaa kwa mkono mmoja na meno.

Msimamizi alikuja na mche wa sabuni, wa aina ileile. Hakukaa. "Ukipona, uje," alisema.

Alipoondoka wifi akanong'ona, "Kamwambia nani?"

"Hakutaja."

Nafuu ikaanza tena mwanzo, kidogo kidogo. Ngozi ikarudi, na kidole cha pete kikajikunja. Kidole kidogo kilikuwa bado kigumu kama kijiti asubuhi ile mkono uliposhuka kitandani ukaenda kugonga. Wifi alikuwa ametoka kuteka maji, na Mama Pasi alikuwa amefunga mlango nyuma yake. Komeo lilikuwa juu, na ndani hapakuwa na mwingine wa kulifikia.

Mama Pasi alikitazama kile kidole. Mkono ukagonga mara ya pili, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.

Akainuka, akafungua.