Nyumba Iliyogeuza Uso

Mzee Nicanor alipiga bakora yake chini akasema hapa, sisi tukachimba hapa, na hapo hapakuwa na mtu.

Tulishuka mpaka kiunoni. Udongo mwekundu, ule ule, umekaa kitako tangu Mungu auweke. Lynnette akaingia shimoni, akakwangua ukuta kwa mwiko, akautazama kwa karibu kama anayesoma bei ya nguo, kisha akatoka akijipangusa magoti.

"Mzee, hapa hapajawahi kuguswa," alisema. "Hakuna kaburi."

"Lipo. Hamjafika tu."

"Tukizidi hapo, mzee, tutapata kisima, si mama," nikasema mimi.

Mwarandu, mwenzangu wa koleo, akacheka ndani ya kiganja. Bibi Kache, ambaye sisi tulimwita Hawe, dada yake Nicanor, hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, leso mpya mapajani, haijafunguliwa mikunjo. Ndiyo aliyonunua ya kumfungia mama yake.

Kwa asiyejua kazi yetu: pale Mwakirunge kuna machimbo ya kokoto, na machimbo yalikuwa yanataka kupanuka, yapate na barabara ya malori. Kabla tinga halijapita, tunapita sisi na Lynnette, mtu wa makumbusho, tukitafuta kilichozikwa kisije kikasagwa. Tulikuwa tumeshapata vigae vya vyungu, makombe ya pwani yaliyobebwa mpaka huko juu na watu waliopenda kula vizuri, na mavi ya chuma. Ndilo jina lake, si mimi niliyelitunga. Ni yale mabaki ya mhunzi akishayeyusha chuma. Lynnette kwao ni Kakamega, na siku ya kwanza nilimtilia kifuniko cha soda kwenye chekecheo nione atafanyaje. Alikipima, akakitia kwenye kifuko, akaandika juu yake: "Karne ya ishirini na moja. Kimeletwa na Morgan." Sikumchezea tena. Angalau si mle chekecheoni.

Mambo ya makaburi yalikuwa mbali na vyungu. Watu wenye wazee wao pale waliitwa, ruhusa zikatoka, wakahamisha. Wa mwisho alibaki mama yake Kache, Kafedha, aliyekufa Kache akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Baba yao alikuja kuhamia Kaloleni na watoto, akafa huko, akazikwa huko. Kache alitaka kitu kimoja tu: mama yake akalale ubavuni mwa baba. Kule Kaloleni wajukuu walikuwa wameshachimba kaburi, mazishi kesho Jumamosi, na Jumatatu tinga linaingia. Leo Ijumaa, kaburi tunalotakiwa kulifungua hatulioni.

Msalaba wa mti uliliwa na mchwa zamani. Mkorosho uliokuwa alama uliishia kuwa makaa. Kilichobaki ni maneno ya baba yao, aliyowarudia mpaka akafa: ukitoka mlangoni, mkono wa kuume, hatua chache. Na nyumba ilikuwepo, au tuseme tuta la nyumba: udongo wa kuta ulioyeyuka na mawe ya msingi, na uwazi wa mlango ukitazama machimbo. Nicanor alisimama pale mlangoni, akatoka kama anayekwenda kanisani, akageuka kuume, akahesabu hatua. Ndipo tulipochimba.

"Basi sikilizeni," Nicanor alisema sasa, akiwa mzee wa kanisa na mwenye sauti ya kazi hiyo. "Wachote udongo wa hapa hapa, tuutie kwenye sanduku, twende. Mama ataelewa. Kaburi lililochimbwa haliachwi wazi bure."

"Nani ataelewa?" Kache akauliza polepole.

"Mama."

"Mama hakulala hapa. Umemsikia huyu binti. Nikambebe nani mimi? Nikamlaze baba na udongo wa watu?"

"Udongo ni udongo, Kache. Maandiko yanasema mavumbini tutarudi."

"Yanasema utarudi wewe kwa vumbi lako. Hayakusema vumbi lolote utakalolikuta njiani."

Hapo tukatazama viatu vyetu. Bwana afya, aliyekuja kusimamia uhamisho kama sheria inavyotaka, alikuwa amelala kwenye kiti cha plastiki, glavu mikononi tayari, na hakuna aliyeona haja ya kumwamsha.

Lynnette akachutama mbele ya Kache. "Mama, nipe mpaka alasiri. Tumepima kutoka kwenye tuta. Tuta huporomoka, linadanganya. Nataka kuuona mlango wenyewe, zile nguzo zake, halafu nipime kutoka hapo."

"Nguzo zilishaoza, mwanangu."

"Nguzo ikioza inaacha alama. Utaona."

Basi tukaondoa udongo wa kuta, tabaka kwa tabaka, kwanza kwa koleo kisha kwa miko, tumepiga magoti kama tunaomba mvua. Na kweli. Penye mlango palitokea duara mbili nyeusi kwenye udongo mwekundu, kila moja kama sahani ya chai. Mti ulioza pale pale uliposimama, na shimo lake likajaa udongo mweusi. Ukiushika ni laini, una harufu ya kabati la zamani.

Mwarandu akaendelea kukwangua upande wake. Baadaye akasema, "Madamu, hizi zako ni ngapi? Mimi nina zangu huku."

Zake zilikuwa zinapita chini ya msingi wa mawe. Msururu mwingine wa duara, umekwenda kwa mshazari, haufuati nyumba ile hata kidogo. Tukaufuata. Ukazunguka, ukakunja kona, ukarudi, na upande wa nyuma kabisa, ule unaotazama bonde, duara zikaachana. Uwazi wa mtu kupita.

Lynnette alisimama pale akiuma kishikio cha mwiko. "Hapa kulikuwa na nyumba mbili," alisema. "Hii ya chini ni ya zamani zaidi. Na mlango wake ulikuwa huku." Akamgeukia Nicanor. "Mzee, unaikumbuka hii?"

"Mimi nilikuwa Changamwe kwa mjomba, nasoma. Niliporudi likizo mama ameshazikwa, nyumba ni hiyo yenye mawe, na kaburini sikupelekwa."

"Ilijengwa upya baada ya msiba?"

Nicanor alimtazama dada yake, na Kache alikuwa ameinuka kwenye ndoo. Alikuja mpaka ukingoni, akautazama ule uwazi wa upande wa bonde, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mama alifia ndani," alisema. "Ee Mulungu wangu. Alifia ndani, na sisi tunazunguka hapa tangu asubuhi kama kuku."

"Sijaelewa," Lynnette akasema.

"Kwetu sisi mtu akifia ndani, ile nyumba huvunjwa. Ikijengwa nyingine palepale, mlango hugeuzwa. Haiachwi na uso ule ule."

"Ili mauti yakirudi kutafuta wengine yakute ukuta," nikamalizia, kwa kuwa hata kwa bibi yangu ilikuwa hivyo, na mimi pia nilikuwa nimekaa pale siku nzima na akili zangu kichwani bila kuzitumia.

"Huo ni ushirikina," Nicanor akasema.

Kache akamgeukia, hana haraka. "Mkeo alipofia pale Changamwe, mlango wa nyumba yako ulikwendaje upande wa choo?"

"Yale yalikuwa mambo ya upepo."

"Upepo gani, mzee," Mwarandu akauliza kwa adabu zote, "mtu anaufuata chooni?"

Nicanor naye akacheka kidogo puani, kicheko kilichomtoka bila ruhusa ya kanisa.

Lynnette alikuwa ameshaingia kwenye ule uwazi wa zamani. Alisimama kati ya duara mbili, uso kwenye bonde, akatoka kama anayetoka nyumbani kwake kwenda kuteka maji. Akageuka kuume. Akaenda hatua chache. Akasimama, akatazama mbele, akajishika kiuno na mikono yote miwili.

Mbele yake lilikuwa rundo letu la kifusi. Udongo wote tuliokuwa tukiutoa kwenye mitaro, kila siku tangu tufike, tulikuwa tunaumwaga pale. Mlima. Mimi na Mwarandu tulikuwa tunaupanda kuzungumza kwa simu, maana mtandao ulikuwa juu.

Kisha Lynnette akasema, kwa sauti ndogo, "Sheria ya kwanza. Usimwage kifusi mahali hujakagua. Nimeifundisha mimi hiyo."

"Si kitu, mwanangu," Kache akasema. "Mmemfunika blanketi tu."

Dereva wa tinga, Kimani, aliyelileta mapema kusubiri Jumatatu, alikuwa anakula maandazi kivulini mwa mashine yake tangu saa nne. Akaja akijifuta mikono. "Madam, niwatolee hiyo? Dakika mbili tu, iko clear."

"Ahsante, Kimani. Ndoo ya mashine siiamini leo. Tutatoa kwa mkono."

"Basi leteni koleo," Kimani akasema, akavua kofia.

Tukaushusha ule mlima. Nicanor alivua koti, akalikunja vizuri, akaipa bakora yake ilishike, akachukua karai. Nilimwambia apumzike, akaniambia nimpishe. Bwana afya aliamka kwa kelele, akakuta watu wote wako kazini, akashika fagio na glavu zake bila kuuliza.

Tulipofika kwenye ardhi yenyewe tukaikwangua iwe sawa. Ilikuwa nyekundu tupu. Sikuona kitu, na nilimwona Kache akishusha pumzi. Lynnette akamwambia Mwarandu alete bomba, lile la mgongoni la kunyunyizia dawa mikorosho, tuliloazima kwa baba yake. Likaoshwa vizuri, likatiwa maji. Akapita nalo taratibu, ukungu wa maji ukashuka juu ya udongo.

Ardhi ikilowa husema. Udongo ambao haujaguswa ulibaki rangi moja. Katikati yake kikajitokeza kipande kirefu, chembamba, chenye madoa meupe ya chokaa ya chini yaliyochanganyika na wekundu wa juu. Udongo ukishachimbwa ukarudishwa haupangiki tena ulivyokuwa, hata ukanyagwe na ng'ombe wa ukoo mzima. Kilikuwa na kona nne. Kilikuwa na urefu wa mwanamke asiye mrefu.

"Alikuwa mfupi," Nicanor akasema. "Nilimpita nikiwa darasa la nne."

Kache alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya ule unyevu. Mwarandu akainua koleo, Kache akamzuia kwa jicho tu.

"Hamuanzi hivyo," alisema. "Mtu haingiliwi chumbani na watu asiowajua. Njooni mjulikane."

Nilimtazama Nicanor nikidhani atatoa mahubiri. Alitazama bonde. Lakini hakuondoka.

"Mayo, mama yangu," Kache akaanza, kawaida kabisa, kama mtu anayepiga simu, "ni mimi Kache. Nimezeeka kukupita wewe. Nimekuja na Nicanor, anajifanya hayupo. Tumekuja kukuchukua twende kwa baba. Huyu binti ni Lynnette, ametoka mbali, kwao wanakula kuku sana, lakini ndiye aliyekuona. Huyu ni Mwarandu. Yule mwenye glavu ni wa serikali, usimwogope. Huyu mrefu ni Kimani, mashine yake ameizima."

Akafika kwangu. Nilikuwa na la kusema tayari, nililipanga, lilikuwa zuri. Nikalimeza.

"Huyu ni Morgan," Kache akasema. "Ana maneno mengi. Mikono yake mizuri."

"Shikamoo, Hawe," nikasema kwa ule udongo, na sauti yangu nikaisikia kama ya mtu mwingine.

Tukafungua. Lynnette alishuka mwenyewe mwisho, kwa brashi na kijiti cha mwanzi, na alasiri yote ikaishia mle ndani. Alikuwepo. Alilazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa kidogo, kama anavyolala kila mwanamke aliyechoka. Lynnette alipima, akachora, akaomba ruhusa kila alipogusa, nami nilimsikia akisema "samahani, mama" akiinua kila kipande na kumpa Kache mkononi. Kache alipanga kwenye leso, miguu kwanza. Nicanor alishika sanduku. Kache alipoikunja leso na kuitia ndani, Nicanor alilifunga, akasoma zaburi, fupi.

Canter ya kuwapeleka Kaloleni ilisogea mpaka ukingoni. Nicanor akafungua mlango wa mbele amwingize dada yake, Kache akakataa. Alipanda nyuma kwa kusukumwa na mimi na Kimani, akakaa juu ya gunia, mkono mmoja juu ya sanduku. Gari likaondoka taratibu, na mimi nikatembea ubavuni mwake mpaka njia kubwa, nikitoa mawe njiani.

Ndipo nikamsikia. Alikuwa anamwonyesha mama yake njia.

"Hapa ni machimbo, mayo. Usishangae, ule mlima waliula. Hiyo harufu ni jaa la taka za mji, itapita. Hii ni shule, imejengwa na watu wa kanisa. Sasa tunakunja kushoto, njia ya lami hii, wewe huijui."

Kioo cha mbele kikashushwa. Nicanor akatoa kichwa nje, kofia mkononi, akageukia nyuma.

"Kache," aliita. "Mwambie mbele kuna matuta."